Guglielmo Marconi, Mtu Aliyekubali Kurudi Nyuma



Wengi walitazamia kwamba katika namba hii tungeandika maisha ya mmisionere fulani au ya mtu wa siasa. Safari hii hapana. Tumechagua mtu wa fizikia, na tutawaambia sababu.

Kila mmoja wetu amekwisha kuona fonie. Ni ile mashini ndogo inayokaa juu ya meza katika ofisi ya misioni au ya hospitali, batri ya motokari chini ya meza, na waya mmoja uliofungwa katika miti miwili. Kwa miaka mingi, kabla ya simu za mkononi kufika, njo kwa fonie watu walipata habari za mgonjwa, za ndege na za kifo, na pahali ambapo simu haifiki ingali inatumika. Nguvu yake kwa kawaida ni wati 100 hivi, sawa na lampi moja ya zamani ya umeme. Lakini sauti inavuka misitu na maziwa, inafika kilometa 1,000 na kupita. Sisi wa mwaka wa sita tulijiuliza: juu ya nini nguvu ndogo hivi inafika mbali namna hii?

Kuna sababu nyingine. Katika internat tunasikia neno moja kila siku: hatuna vyombo, hatuna nguvu, basi hatuwezi kitu. Maisha ya Guglielmo Marconi yanajibu neno hilo, lakini si kwa namna ambayo watu wengi wanadhani.

Kabla ya kuanza, tueleze jambo moja. Ukitupa jiwe katika maji, mawimbi yanatoka na kuenea. Umbali toka mgongo wa wimbi moja mpaka mgongo wa wimbi linalofuata unaitwa urefu wa wimbi. Mawimbi ya radio vilevile yanapimwa kwa mita. Yanayopita mita 1,000 ni mawimbi marefu. Yale ya mita 100 kushuka mpaka mita 10 ni mawimbi mafupi. Na kadiri wimbi ni fupi, antene yake ni fupi. Kwa wimbi la mita 10, waya wa mita 5 unatosha. Antene ya namna ileile kwa wimbi la mita 6,000 ingetaka waya wa kilometa 3! Mshike jambo hili, litatusaidia huko mbele.

Marconi alizaliwa Bologna, mji wa Italia, tarehe 25 mwezi wa 4 mwaka 1874. Baba yake, Giuseppe, alikuwa tajiri mwenyi mashamba. Mama yake, Annie Jameson, alikuwa Mprotestanti wa Ayalandi, binti wa jamaa iliyojulikana sana kwa kutengeneza whisky, pombe kali ambayo kanuni za internat yetu zinaikataa! Tusidanganyane basi: Marconi hakuwa mtoto maskini. Lakini hakuwa na diploma kubwa, wala hakuingia universite. Alipenda umeme tu. Jirani mmoja, Profesa Augusto Righi wa Bologna, alimruhusu kusikiliza masomo yake na kutazama vyombo vyake.

Mwaka 1894 alikufa Heinrich Hertz, mwanafizikia Mjerumani. Huyu ndiye aliyeonyesha, miaka michache mbele ya hapo, kwamba cheche ya umeme inatoa mawimbi yasiyoonekana, na kwamba mawimbi hayo yanapita hewani bila waya. Righi aliandika juu ya kifo chake, na Marconi, kijana wa miaka 20 aliyekuwa mapumzikoni milimani, akasoma habari hizo. Wakubwa wa fizikia waliona kazi ya Hertz kuwa jambo la laboratuare. Kijana huyu alifikiri jambo jingine: kama mawimbi yanapita bila waya, juu ya nini yasibebe habari?

Akarudi nyumbani Pontecchio, akajifungia katika chumba cha juu, chini ya paa. Baba alinung'unika kwa ajili ya feza, mama akamtetea. Kwanza alilizisha kengele upande wa pili wa chumba. Kisha akatoka inje, shambani. Mwaka 1895 alivumbua jambo ambalo lilimfungulia mlango: alifunga bamba la chuma juu ya mti mrefu, na waya mwingine akauzika katika udongo. Mara moja umbali ukaongezeka. Akamtuma kaka yake Alfonso nyuma ya kilima pamoja na watu wa shamba, wakibeba chombo cha kupokea na bunduki. Marconi alituma vituo vitatu vya Morse, ndiyo herufi S. Akangoja. Nyuma ya kilima bunduki ikalia. Mawimbi yalikuwa yamepita kilometa karibu 2, na kilima katikati.

Lakini tuangalie vizuri. Mawimbi ya Hertz na ya Righi yalikuwa mafupi sana, ya mita chache au hata sentimita. Kwa kurefusha antene, Marconi alirefusha mawimbi vilevile. Njo pale mguu wake ulianza kuiacha njia ya mawimbi mafupi.

Mwaka 1896 alikwenda London pamoja na mama yake. Tarehe 2 mwezi wa 6 aliomba breve, ile hati inayolinda uvumbuzi wa mtu. William Preece, mkubwa wa mafundi wa Posta ya Uingereza, alimpokea vizuri. Mwaka ule, katika uwanda wa Salisbury, kijana alionyesha njia mbili. Ya kwanza: mawimbi mafupi sana yaliyokusanywa na bamba la shaba lililokunjwa kama karai, sawa vile kioo cha tochi kinakusanya mwangaza. Kwa njia hiyo alifika kilometa 2 na nusu na zaidi. Ya pili: waya mrefu ulioinuliwa juu. Mwaka 1897 waya mrefu ulishinda. Katika mwezi wa 5 alivusha habari juu ya maji, toka Lavernock mpaka kisiwa cha Flat Holm, kilometa karibu 6. Mwaka 1899 alivuka bahari kati ya Ufaransa na Uingereza, kilometa karibu 50. Karai la shaba likawekwa kando, na hakulirudia kwa miaka karibu 20.

Kompani yake ilianzishwa mwaka 1897. Sasa alitaka kuvuka Atlantiki. Wanafizikia wengi walimcheka: dunia ni mviringo, na mawimbi yanakwenda mustari, basi yatapotea juu angani. Marconi alijenga stesheni Poldhu, pembe ya kusini-magharibi ya Uingereza, na milingoti 20 iliyosimama kwa mviringo. Mwezi wa 9 mwaka 1901 zoruba ikaiangusha yote. Hakukata tamaa. Alisimamisha antene ndogo zaidi, kisha akapanda meli kwenda Newfoundland, ngambo ya Atlantiki. Huko Signal Hill upepo ulikuwa mkali. Puto moja lilipotea, kishada kimoja kikapotea. Tarehe 12 mwezi wa 12 walirusha kishada kingine kikivuta waya wa mita 150, na Marconi pamoja na msaidizi wake George Kemp wakatega sikio. Walisema walisikia vile vituo vitatu, toka mbali kilometa karibu 3,500. Hakukuwa na mtu mwingine wa kushuhudia, tena ilikuwa mchana, na mpaka leo wataalamu wanabishana kama kweli walisikia.

Marconi mwenyewe alijua kwamba ushuhuda wa namna ile hautoshi. Mwezi wa 2 mwaka 1902 alisafiri katika meli Philadelphia, na mashini ikaandika alama juu ya karatasi mbele ya kapiteni. Usiku habari zilifika mpaka kilometa 2,500. Lakini mchana, kumbe, zilikufa kilometa 1,100 hivi. Jua linaua mawimbi! Juu ya nini? Hakuna aliyejua.

Hapa njo penye kosa kubwa, na si la Marconi peke yake, ni la dunia nzima ya wataalamu. Walifikiri: ukitaka kufika mbali mchana na usiku, refusha wimbi na ongeza nguvu. Basi kila mwaka stesheni zikawa kubwa zaidi. Ile ya Clifden katika Ayalandi, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 1907, ilituma mawimbi ya mita elfu kadhaa. Ilikuwa na jengo zima la mvuke, na ilichoma udongo mweusi unaochimbwa katika mabwawa, na antene yake ilifunika uwanja mkubwa. Simu ya upepo, ambayo ilizaliwa katika chumba chini ya paa, sasa ilikuwa mali ya wafalme na kompani.

Hatusemi kwamba kazi hiyo ilikuwa bure. Mwaka 1909 Marconi alipewa zawadi ya Nobel ya fizikia pamoja na Mjerumani Ferdinand Braun. Mwezi wa 4 mwaka 1912 meli Titanic ilipozama, watumishi wawili wa kompani yake, Jack Phillips na Harold Bride, waliita msaada mpaka mwisho. Meli Carpathia iliwasikia ikaja. Watu wapata 1,500 walikufa, lakini wapata 700 waliokolewa, nao wasingeokolewa bila radio. Mwaka huohuo Marconi mwenyewe aliumia katika aksida ya motokari huko Italia, akapoteza jicho la kuume.

Sasa tuje kwa wadogo. Tangu mwanzo kulikuwa na vijana waliotengeneza radio nyumbani, si kwa biashara, ila kwa kupenda tu. Wanaitwa waamateri. Serikali na kompani waliona kwamba wanafanya makelele katika anga. Mwaka 1912 Marekani ilitoa sheria: amateri akae chini ya mita 200, na nguvu yake isipite kilowati 1. Juu ya nini mita 200? Kwa sababu wakubwa waliamini kwamba mawimbi hayo mafupi hayana faida. Ni kama mzee anayegawa mashamba, anachukua bonde lote, kisha anawapa vijana mawe ya mlimani. Kumbe chini ya mawe kulikuwa na zahabu.

Mwezi wa 12 mwaka 1921 waamateri wa Marekani walimtuma mwenzao Paul Godley mpaka Ardrossan, pwani ya Skotlandi. Alifunga hema katika baridi na mvua, akatandika waya, akasikiliza usiku. Alisikia stesheni karibu 30 za wenzake toka ngambo ya Atlantiki, na hakuna hata moja yenyi jengo la mvuke. Mwezi wa 11 mwaka 1923 Mfaransa Léon Deloy, akiwa Nice, aliongea kwa Morse na Fred Schnell wa Connecticut, huku na huku, kwa wimbi la mita 100 hivi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa waamateri wa ngambo mbili za Atlantiki kujibizana.

Marconi alikuwa wapi? Tumsifu hapa, maana yeye alikuwa amekwisha kugeuka. Tangu mwaka 1916, wakati wa vita, alianza tena kujaribu mawimbi ya mita 2 na mita 3 huko Italia, akisaidiwa na fundi wake C. S. Franklin. Karai la zamani la 1896 lilirudi, safari hii likiwa limefanywa kwa nyaya. Mwaka 1921 Franklin alipeleka sauti ya mtu toka London mpaka Birmingham kwa wimbi la mita 15, na nguvu haikufika kilowati 1. Kisha mwezi wa 6 mwaka 1922 Marconi alisimama mbele ya mafundi wakubwa huko New York akakiri waziwazi kwamba yeye na wengine walikuwa wamekwama katika njia moja, ile ya mawimbi marefu, na kwamba walikosa kwa kuyaacha mafupi. Fikirini: mtu mwenyi Nobel, mwenyi kompani ya mamilioni, ambaye mali yake yote imejengwa juu ya mawimbi marefu, anasimama na kusema tulipotea njia. Tunajua wakubwa wangapi wanaoweza kufanya hivyo?

Mwaka 1923 alipanda meli yake mwenyewe, Elettra, iliyokuwa nyumba na laboratuare pamoja, akashuka kusini. Nyuma yake, Poldhu, Franklin alituma kwa wimbi la mita 97, nguvu kilowati 12. Mchana alama zilisikika mpaka kilometa 2,300 hivi. Usiku, alipofika visiwa vya Cape Verde, magharibi ya Afrika, zaidi ya kilometa 4,000 toka Poldhu, zilikuja na nguvu ya ajabu. Marconi akaagiza wapunguze nguvu. Wakapunguza. Bado zilisikika vizuri. Wakapunguza tena, mpaka kilowati 1 tu. Bado zilitosha kabisa kwa kazi ya telegrafu! Mtu ambaye maisha yake yote aliongeza nguvu, sasa alijifunza kwa kupunguza.

Lakini mchana ulibaki adui. Mwaka 1924 alifanya jambo ambalo lilionekana kama kichaa: kama mita 97 inakufa mchana, ajaribu fupi zaidi. Akajaribu mita 60, 47, na 32. Mwezi wa 9 Elettra ilikuwa Beirut, zaidi ya kilometa 3,500 toka Poldhu. Wimbi la mita 92 lilinyamaza jua lilipopanda. Lile la mita 32 liliendelea kusikika mchana wote. Jua, lililokuwa muuaji wa mawimbi, likawa rafiki. Ilitakiwa tu kuchagua wimbi linalopatana nalo.

Na sasa habari ambayo ilitufurahisha kuliko zote. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 18 mwezi wa 10 mwaka 1924, radio ya Nyuzilandi na ya Uingereza ziliitikiana kwa mara ya kwanza. Mtu wa Nyuzilandi alikuwa Frank Bell, mfugaji wa kondoo. Wa Uingereza alikuwa Cecil Goyder, mwanafunzi wa shule ya sekondari Mill Hill huko London, umri wake miaka 18! Kati yao kulikuwa na kilometa karibu 19,000, ndiyo karibu nusu ya mviringo wa dunia. Zaidi ya hapo huwezi kwenda, utaanza kurudi. Na shule ile, kama yetu, ilianzishwa na Waprotestanti. Tulipojua jambo hilo katika chumba cha masomo, tulinyamaza wote. Umri wetu, kabisa.

Sababu ya mambo haya ilionekana wazi mwishoni mwa mwaka uleule, Mwingereza Edward Appleton alipoonyesha kwamba juu sana ya dunia kuna tabaka linalorudisha mawimbi chini. Kennelly na Heaviside walikuwa wamelifikiria tangu 1902. Tunaliita ionosfera. Mwangaza wa jua unapiga hewa nyepesi ya huko juu na kuipa chembe za umeme. Tabaka la chini, lililo chini ya kilometa 100 na linaloonekana mchana tu, linakula mawimbi yaliyo marefu kidogo. Mawimbi mafupi zaidi yanapenya bila kupoteza nguvu nyingi, yanafika tabaka la juu, kilometa 250 au 300 toka chini, na yanarudishwa kama mpira unaopiga ukuta. Yanapiga udongo au bahari, yanaruka tena, na hivyo yanazunguka dunia. Njo maana fonie yetu ya wati 100 inafika. Haishindani na msitu, inapita juu yake.

Waamateri wameendelea na jaribio hilo mpaka leo. Kuna wanaojiwekea sheria wenyewe ya kutopita wati 5, hata wati 1, chini ya lampi ya tochi kubwa. Katika miaka ambayo jua lina madoa mengi, na hiyo inarudi kila miaka 11 hivi, mawimbi ya mita 15, 12 na 10 yanaamka mchana, na kwa hizo wati chache wanavuka bahari. Sisi tunaokaa karibu na ikweta tumebarikiwa, kwa maana juu ya vichwa vyetu ionosfera inapata jua kwa wingi. Kutuma kunataka ruhusa ya serikali, tusisahau. Kusikiliza ni bure. Mwenyi transista ya mawimbi mafupi afunge waya wa mita 10 katika antene yake, aupeleke mpaka mtini, lakini mbali na nyaya za umeme, na aufungue zoruba ikija. Mchana atafute namba ndogo, mita 13, 16 na 19. Usiku atafute namba kubwa, mita 41 na 49. Ataona mwenyewe kile Marconi alichokiona Beirut.

Tumalize maisha yake. Uingereza ilikuwa inapanga kujenga stesheni kubwa za mawimbi marefu ili kuunganisha inchi zake zote. Marconi alikwenda akasema kompani yake itafanya kazi hiyo kwa mawimbi mafupi, kwa nguvu ndogo na kwa feza kidogo, tena ikiahidi maneno 100 kwa dakika. Patano lilitiwa sahihi mwezi wa 7 mwaka 1924, yaani kabla hajafika Beirut! Angeshindwa, kompani ingeanguka. Kanada iliunganishwa mwezi wa 10 mwaka 1926, na mwaka 1927 Australia, Afrika ya Kusini na India. Simu za waya zilizolala chini ya bahari zilianza kupoteza wateja, mpaka mwaka 1929 kompani za waya na za upepo zikaunganishwa kuwa moja. Mwaka 1931 Marconi aliwasha radio ya Vatikani, na mwaka 1932 alikuwa tayari anajaribu mawimbi ya sentimita 57.

Hatutaki kumfanya malaika. Ndoa yake ya kwanza, na Beatrice O'Brien, ilivunjika, na mwaka 1927 alioa Maria Cristina Bezzi-Scali. Jambo zito zaidi: mwaka 1923, mwaka uleule wa safari ya Cape Verde, aliingia katika chama cha Mussolini, akapewa vyeo vikubwa. Italia iliposhambulia Ethiopia mwaka 1935, Marconi alitetea vita ile mbele ya mataifa. Sisi vijana wa Afrika hatuwezi kupita pale bila kusimama. Masikio yaliyosikia wati 1,000 toka kilometa 4,000 hayakusikia kilio cha watu waliotupiwa gazi yenyi sumu. Katika fizikia alijua kukiri kwamba alipotea. Katika siasa hatukuona akikiri. Tujifunze na hapo vilevile: akili ya kazi na akili ya moyo ni vitu viwili, na mtu anaweza kupata moja akakosa nyingine.

Alikufa Roma tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1937, umri wa miaka 63, ugonjwa wa moyo. Siku ya mazishi stesheni za radio katika inchi nyingi zilinyamaza dakika 2. Mwili wake umelazwa Pontecchio, penye ile nyumba yenyi chumba chini ya paa na kile kilima ambapo bunduki ililia.

Wasomaji wapenzi, sisi tunaoandika haya ni makapita wa internat. Tunajua sana kuongeza nguvu. Saa ya kulala tunapiga makelele, na tukiona hatusikiwi tunapiga zaidi. Baada ya kusoma maisha haya, tumeanza kufikiri kwamba labda tunatumia wimbi lisilofaa. Nabii Eliya hakumkuta Mungu katika upepo wala katika tetemeko wala katika moto, alimkuta katika sauti ndogo.

Na kwa yule anayesema hatuna vyombo: ni kweli, hatuna vingi, na hatusemi kwamba si kitu. Lakini Marconi alipokuwa na vyombo vyote alipotea miaka karibu 20, na walioshika njia nzuri ni vijana waliopewa mawe ya mlimani, kati yao mwanafunzi mmoja wa miaka 18. Jumamosi hii, kama mvua hainyeshi, tutafunga waya mrefu toka dirisha la chumba cha masomo mpaka mwembe. Anayependa kusikiliza aje na kalamu na daftari, aandike saa, mita, na alichosikia. Na anyamaze.